Mark Lynas: Mwanahabari wa mazingira aliyeomba radhi jukwaani

MARK Lynas ni mwandishi Mwingereza aliyejijengea jina kwa kuandika kuhusu mabadiliko ya tabianchi, kisha akalitia jina hilo hatarini kwa hotuba moja mjini Oxford, Januari 3, 2013.

Mwanahabari wa kujitegemea hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Kipato chake ni makala anazouzia magazeti, malipo ya awali ya wachapishaji wa vitabu na ada za mihadhara. Mtaji wake hasa ni imani ya wasomaji, nayo ikimponyoka hana mwajiri wa kumkinga.

Lynas alizaliwa Fiji mwaka wa 1973 na kusomea historia na siasa katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Kitabu chake High Tide, cha 2004, kilitokana na safari za miaka mitatu zilizomfikisha Tuvalu, Alaska, Uchina na Peru. Nchini Peru alibeba picha ya barafu ya mlimani ambayo babake, mwanajiolojia, aliipiga miaka ishirini hivi awali. Alipofika mahali palepale, barafu ilikuwa imetoweka. Wakazi wa maeneo ya Mlima Kenya, ambao wameshuhudia kilele chao kikipoteza weupe, hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Kitabu kilichofuata, Six Degrees cha 2007, hakikuhitaji nauli. Alijifungia katika maktaba ya sayansi ya Oxford akisoma tafiti, akaeleza hali ya dunia joto likiongezeka kwa digrii moja hadi sita. Mwaka wa 2008 kilishinda tuzo ya vitabu vya sayansi ya Royal Society.

Mnamo 2009 alikuwa mshauri wa Rais Mohamed Nasheed wa Maldives, na Desemba mwaka huo akaingia katika chumba cha mazungumzo ya viongozi jijini Copenhagen. Baadaye aliandika makala akiilaumu Uchina kwa kuvuruga mkataba. Ilikuwa habari adimu, ingawa mwanahabari aliyeketi upande mmoja wa meza hawezi kudai kuwa shahidi asiyeegemea popote.

Lakini lililomtesa zaidi lilikuwa la zamani. Katika miaka ya tisini Lynas alikuwa miongoni mwa wanaharakati waliong'oa usiku mimea iliyobadilishwa jeni, maarufu kama GMO. Aliwakemea waliopuuza sayansi ya tabianchi, ilhali yeye mwenyewe aliipinga GMO bila kusoma tafiti zake. Mbele ya kongamano la wakulima la Oxford aliomba radhi waziwazi.

Wanasayansi wengi walimshangilia. Wanaharakati wakamshutumu, na baadhi yao wakapinga maelezo yake kuhusu nafasi aliyokuwa nayo katika harakati hizo.

Kenya ilikuwa imepiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO miezi miwili tu awali, Novemba 2012. Baraza la Mawaziri liliondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, na kesi zikafuata mahakamani.

Lynas alieleza safari yake ya kubadili msimamo katika Seeds of Science, kilichotolewa 2018. Miaka miwili baadaye alirejea kwenye hesabu ya digrii sita kwa kitabu Our Final Warning.