Nakala ya Pili Iko Wapi?

Priya Ramrakha, mpigapicha wa habari mzaliwa wa Nairobi, aliuawa kwa risasi tarehe 2 Oktoba 1968 akiwa kazini katika vita vya Biafra. Alikuwa ameanzia kazi kwenye Colonial Times, gazeti la ukoo wake hapa jijini, kisha picha zake zikafika hadi kwenye majarida ya Time na Life. Baada ya kifo chake, sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikaa katika gereji moja ya Nairobi kwa takriban miaka 40, hadi jamaa yake Shravan Vidyarthi alipozitafuta negatifu hizo na kuzitoa gizani. Kitabu cha picha hizo kilichapishwa mwaka 2018.

Tunashukuru picha hizo ziliokoka. Hata hivyo, gereji haikuwa hifadhi. Paa lingevuja msimu mmoja tu wa mvua za masika, na sura za Nairobi ya miaka ya Mau Mau na ya uhuru, jinsi kijana huyo alivyoziona, zingekuwa matope. Zilikuwa mahali pamoja, na mahali hapo palisalimika kwa bahati.

Jiji hili limewahi kufanya vizuri zaidi. Shuka Moi Avenue hadi karibu na sanamu ya Tom Mboya, pale ambapo watu huambiana “tupatane Archives”. Jengo lile la nguzo nene lilikuwa benki kabla ya kukabidhiwa Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Katika miaka hiyo ya 1960, ripoti nyingi za wilaya na mikoa zilipigwa picha kwenye maikrofilamu, na nakala zikapelekwa Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York. Karatasi zilibaki hapa, maikrofilamu zikavuka bahari. Moto ukizuka upande mmoja, upande wa pili uko salama.

Kuna nyaraka nyingine za Kenya zilizovuka bahari kwa njia tofauti kabisa. Uhuru ulipokaribia, maafisa wa kikoloni walisafirisha faili zipatazo 1,500 hadi Uingereza. Serikali ya huko ilikiri mwaka 2011 kwamba ilikuwa imezifungia Hanslope Park, na ilikiri tu kwa sababu wazee wa Mau Mau walikuwa wameishtaki mahakamani. Karatasi zilikuwa zimehifadhiwa vizuri kwa karibu nusu karne, ila aliyezishika ndiye aliyekuwa akiamua nani azione. Ninapoulizwa na mtu anayeanza kutafuta pa kuweka picha za familia yake, mambo haya mawili ndiyo humtajia kabla ya bei ya kifaa chochote: nakala ya pili iko wapi, na nani ameshika ufunguo wake.

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 maswali hayo hayakuzisumbua nyumba nyingi, maana kumbukumbu zilikuwa albamu ya picha na kaseti. Flashi ya kwanza kuuzwa na IBM, mwaka 2000, ilibeba megabaiti 8. Miaka michache baadaye flashi zilikuwa zikining'inia shingoni mwa kila mwanafunzi aliyeingia saiba za katikati ya jiji, na maduka ya filamu yakajaza diski za wateja foleni baada ya foleni. Intaneti ya setilaiti ilikuwa ghali mno kutuma video. Ilikuwa rahisi kuibeba mfukoni.

Sanduku la diski la nyumbani lilizaliwa mbali na hapa. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala iliyoonyesha kwamba diski kadhaa za bei nafuu zinaweza kuunganishwa zifanye kazi ya diski moja kubwa ya gharama. Mpango huo ukaitwa RAID. Kampuni za Taiwan, Synology iliyoanzishwa mwaka 2000 na QNAP ya mwaka 2004, ziliufikisha sebuleni: kisanduku chenye diski mbili au nne, kinachounganishwa na rauta ili simu na kompyuta zote za nyumba zihifadhi humo. Mwaka 2005 Olivier Cochard-Labbé alitoa FreeNAS, programu ya bure inayoigeuza kompyuta kuukuu kuwa sanduku la aina hiyo. Kwa mji uliojaa kompyuta za ex-UK, hilo bado ni jambo la maana sana.

Nairobi ilichelewa kuyahitaji haya. Nyaya za baharini TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, na polepole faiba ikaingia katika nyumba za Westlands, Kilimani, Kileleshwa na Lavington. Wengi walizitupa picha zao kwenye Google Photos, iliyopokea bila kikomo. Tarehe 1 Juni 2021 ukarimu huo ulikoma, na kila akaunti ikarudishwa kwenye gigabaiti 15 za bure. Ndipo watu wakaanza kuulizia masanduku.

Mwaka huohuo masanduku nayo yalitoa onyo. Mwezi Aprili wahalifu walizifunga faili za wenye mashine za QNAP zilizokuwa wazi kwa intaneti na kudai bitcoin. Mwezi Juni diski za My Book Live zilifutwa kutoka mbali. Kwa hiyo anayeanza asifungue mlango wa rauta ili afikie picha zake akiwa safarini. Aliache sanduku lifanye kazi ndani ya nyumba. Hata ndani peke yake lina faida: nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika tarehe 12 Mei 2024 na intaneti ya Kenya ikajikokota, aliyekuwa na faili zake sebuleni aliendelea kuzifungua.

Sanduku la diski mbili linamtosha mwanafunzi wa kazi hii. Diski ya pili huandika kilekile kinachoandikwa na ya kwanza, hivyo moja ikifa kazi inaendelea. Wengi hudhani hapo wamemaliza, na wanakosea. Ukifuta picha, imefutika kwenye zote mbili papo hapo. Mwizi akibeba sanduku, amebeba zote. Heri ununue sanduku dogo pamoja na diski ya nje, kuliko sanduku kubwa peke yake.

Ukienda Luthuli Avenue kununua diski, mwombe muuzaji aichomeke kwenye kompyuta na kufungua programu inayosoma afya yake. Tazama mstari wa saa ambazo imewashwa. Mwaka una saa 8,760. Ukiona 26,000, diski hiyo imezunguka mchana na usiku kwa karibu miaka mitatu, labda ndani ya mashine ya CCTV, hata kama karatasi yake ya nailoni inang'aa.

Usisahau stima. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma ya kituo cha Gitaru na nchi nzima ikaingia gizani. Sanduku likizimika katikati ya kuandika, faili huweza kuharibika, kwa hiyo UPS ndogo inayoliambia lijizime kwa utaratibu ni sehemu ya bei.

Kuhusu nakala ya nje ya nyumba, piga hesabu kwanza: kupandisha terabaiti moja kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku tisa mfululizo. Mkoba ni mwepesi zaidi. Nunua diski mbili za nje, zifunge kwa nywila, na nywila hiyo iandike kwenye karatasi umkabidhi mtu unayemwamini, kwa sababu familia inaweza kuachwa na diski nzima isiyofunguka. Moja ipeleke ushago Desemba na urudi na ile iliyokaa huko mwaka mzima. Kabla ya kuagana na wazee, ichomeke hiyo ya zamani ufungue video mbili tatu. Isipofunguka, bado nakala mpya unayo mkononi, na Luthuli hufunguliwa tena baada ya sikukuu.