Kamera Iliyotumika na Kumbukumbu ya Nyanda za Kati

Taifa huhifadhi kumbukumbu zake kwa njia nyingi. Wazee husimulia, washairi hutunga, waandishi huandika, na wapiga picha huonyesha. Katika njia hizo nne, upigaji picha ndio mchanga kuliko zote, na ndio ambao sisi wa nyanda za kati tumechelewa kuushika kwa mikono yetu wenyewe. Kwa hiyo kijana wa sekondari anapomwuliza mwalimu wake ni kamera gani iliyotumika imfaayo mtu anayeanza, swali lake halistahili kujibiwa kwa kutaja bei peke yake. Swali hilo lina mizizi katika historia. Tunakusudia kuonyesha katika insha hii kwamba mambo yaliyoipata kamera katika nchi ya Ugogo na Kondoa yanatufundisha kamera ya kuchagua: ile inayostahimili mazingira yetu, ambayo mwenyewe anaielewa, na ambayo haimfanyi kuwa mtumwa wa duka la mbali.

Tuanze na wageni. John Hanning Speke na James Augustus Grant walipoondoka Zanzibar mwaka 1860 kwenda kutafuta chanzo cha mto Nile, Grant alikuwa na kamera. Baadhi ya picha alizopiga Zanzibar zipo hadi leo. Lakini safari ilipoingia bara aliiacha kazi hiyo, akashika penseli na rangi za maji. Sababu yake yaeleweka. Upigaji picha wa zama zile ulitaka mtu apake dawa kwenye kioo, akitie katika kamera kingali kibichi, kisha akisafishe papo hapo gizani kabla hakijakauka. Kazi hiyo hufanyika ndani ya hema dogo lililofungwa pande zote, na Speke aliona kwamba joto la humo lingemwua mwenzake. Basi msafara ulipopita Ugogo, kilichoonekana kilichorwa kwa mkono. Chombo kilikuwapo, ufundi ulikuwapo, ila chombo hicho hakikupatana na mahali. Hilo ndilo somo la kwanza.

Somo la pili lilikuja pamoja na reli. Mwaka 1910 reli ya kati ilifika Dodoma, na njia ikawa nyepesi kwa wenye kamera. Mmoja wa wapiga picha mashuhuri wa wakati wa utawala wa Wajerumani alikuwa Walther Dobbertin, aliyekuwa na studio yake Dar es Salaam kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kazi yake ni kubwa, na mwanahistoria hawezi kuipuuza. Hata hivyo, mkusanyo wa picha zake leo umo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa la Ujerumani, na mtafiti wa Kitanzania huutazama kama mgeni. Tena, picha nyingi za zama hizo zinatuambia kabila la mtu na kazi yake, lakini hazituambii jina lake. Babu zetu walipigwa picha, hawakupiga. Aliyeshika kamera ndiye aliyechagua kitu cha kuonyeshwa na kitu cha kuachwa.

Wakati huohuo kamera yenyewe ilikuwa ikibadilika. Mwaka 1925 kampuni ya Leitz ya Ujerumani ilianza kuuza Leica, kamera ndogo iliyotumia mkanda wa filamu wa milimita 35, ule ule wa sinema. Mwaka 1936 mji wa Dresden ulitoa Kine Exakta, kamera ya filamu hiyo iliyokuwa na kioo ndani yake. Kioo hicho hukaa nyuma ya lenzi kwa mshazari, kikiupeleka mwanga juu hadi kwenye jicho la mpigaji. Anapobonyeza, kioo huinuka, pazia hufunguka, na mwanga ule ule huiangukia filamu. Mwaka 1949 Contax S, nayo ya Dresden, ikaongezewa prizimu, hata mtu akaweza kuiweka kamera usoni na kuona mambo kama yalivyo, bila kulia kuwa kushoto. Nikon F ya Japani ilipotoka mwaka 1959, aina hii ikawa ndiyo kamera ya waandishi wa habari duniani kote.

Tumeeleza haya kwa sababu ndiyo yanayoifanya kamera ya kioo kuwa mwalimu mwema kwa anayeanza. Anachokiona ndicho kitakachoingia katika filamu. Akikosea kulenga, huona kosa lake kabla ya kubonyeza.

Wala mwanafunzi asione haya kuanza na kitu kilichotumika. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza akiwa mtoto wa shule na kamera kuukuu ya sanduku, Box Brownie. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix katika jiji hilo la Dar es Salaam, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliitikisa dunia. Sanduku lile lilikuwa na uwezo mdogo, lakini lilikuwa lake, na alijifunza nalo kila siku.

Sasa turudi Dodoma. Mwaka 1971 ilifanyika Operesheni Dodoma ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na mwaka 1973 Dodoma ikateuliwa kuwa makao makuu ya nchi. Katika muda mfupi sura ya nchi ilianza kugeuka. Tembe za Wagogo, zenye paa bapa la udongo juu ya miti, zilizojengwa kuuzunguka ua wa ng'ombe, zilianza kupisha nyumba za matofali na mabati. Wapiga picha wa Serikali na wa magazeti walifanya kazi yao vizuri: walitupatia picha za viongozi, za mikutano, na za wananchi wakifyatua matofali. Lakini nani alipiga picha ya mlango wa tembe ya bibi yake, ya kinu chake, na ya mahali alipoweka mbegu? Kamera ilikuwa adimu. Na katika miaka iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, taifa lilipopungukiwa fedha za kigeni, bidhaa nyingi za nje ziliadimika madukani. Familia nyingi zilibaki na picha za studio tu, watu wamesimama mbele ya pazia lililochorwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kutokana na historia hiyo tunaweza kuweka kanuni za uchaguzi.

Kanuni ya kwanza ni kupendelea kamera inayoendeshwa na springi na magurudumu yake kuliko inayoendeshwa na umeme. Zenit-E, iliyoanza kutengenezwa Krasnogorsk karibu na Moscow mwaka 1965, haitumii betri hata kidogo. Ni nzito, na kasi za pazia lake ni chache, kuanzia sehemu ya 30 hadi sehemu ya 500 ya sekunde, lakini hakuna kinachofichika ndani yake. Pentax K1000 ya Japani, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, hutumia betri kwa kipima mwanga peke yake; betri ikifa, kamera yaendelea. Canon AE-1, ambayo nayo ilitoka mwaka 1976, ni kamera nzuri na yenye sifa nyingi, lakini bila betri pazia lake halifunguki, na betri yake si ile ya tochi inayouzwa katika kila genge. Kijana wa Mpwapwa au Kongwa na alipime jambo hilo kabla ya kuvutiwa na sifa.

Kanuni ya pili ni kuangalia lenzi kabla ya kuangalia jina. Praktica za Ujerumani Mashariki za zamani, Zenit, na Pentax Spotmatic zote hufunga lenzi kwa hesi ya milimita 42, kwa hiyo lenzi ya moja yaweza kuingia katika nyingine. Mwenye kamera ya jamii hiyo ana ndugu wengi wa kuazimana nao. Kwa anayeanza, lenzi moja ya milimita 50 au 58 yatosha. Aitoe, aitazame dhidi ya mwanga. Nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, na lenzi zilizokaa pwani penye unyevu hupatwa nayo mara nyingi. Azungushe pete ya kulengea taratibu: ikikwaruza, ujue mchanga umeingia.

Kanuni ya tatu inahusu vumbi, ambalo ni adui mkuu wa kamera katika nyanda zetu. Kiangazi cha Dodoma ni kirefu, na upepo wake haumwachi mtu wala chombo. Basi mnunuzi aufungue mlango wa nyuma. Atazame pazia kama lina tundu au mikunjo. Abonyeze katika kila kasi na kusikiliza: sauti za kasi ndogo na kasi kubwa zisifanane. Aguse sponji nyeusi zilizo pembeni mwa mlango. Zikinata kama lami, mwanga utapenya na kuichoma filamu, ingawa kasoro hiyo hurekebishika kwa gharama ndogo. Afungue kijumba cha betri: kutu ya kijani ni dalili ya kutotunzwa. Chembe za vumbi zinazoonekana katika kidirisha cha kutazamia zisimtishe, kwa kuwa haziingii katika picha. Mwisho, apige mkanda mmoja wa majaribio kabla ya kuiamini kamera katika jambo kubwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kamera mbovu iliyong'arishwa vizuri nayo hujiuza.

Kipima mwanga kikiwa kimekufa, jambo la kawaida katika kamera kuukuu, kamera isitupwe. Jua la nyanda za kati ni kipimo tosha. Kwa filamu ya ASA 100, mchana wa jua kali, weka tundu la lenzi kwenye namba 16 na kasi ya sehemu ya 125. Mtu akiwa kivulini, fungua tundu zaidi, hadi namba 5.6 au 4, maana uso mweusi uliopigwa kwa kipimo cha jua hugeuka giza tupu, na utu wa mtu hupotea. Asubuhi na jioni ndizo saa njema.

Filamu bado inatengenezwa na kampuni kama Kodak na Ilford, ingawa maduka ya kusafisha picha yamepungua sana tangu kamera za kidijitali na simu zilipoenea. Filamu nyeusi na nyeupe shule yenyewe yaweza kuisafisha, kwa chumba cha giza, dawa chache na maji yaliyochujwa vizuri. Hapo mwalimu wa kemia, wa fizikia na wa historia watakutana katika somo moja.

Na kazi ipo. Michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo Mary Leakey aliinakili kwa mkono mwaka 1951 na ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, inafifia kwa mvua, jua na mikono ya watu. Akina mama wa Kigogo wapigao ngoma ya muheme wanazeeka. Mikono yao haikamatiki kwa kasi iliyo chini ya sehemu ya 250. Dodoma, iliyotangazwa kuwa jiji mwaka 2018, inaota majengo mapya kila mwaka juu ya mashamba ya jana.

Kwa hiyo tunawasihi walimu: kijana akija na kamera yake iliyotumika, mpeni daftari pia. Kila picha na iandikwe jina la mtu, la mahali, na tarehe, na mwenye sura aombwe ridhaa na apewe nakala yake. Wageni waliotutangulia kutupiga picha walikuwa na kamera bora kuliko hizi, lakini hawakuwajua majina waliowapiga. Kijana wetu anawajua.