Mianga ya ncha za Mshtarii na siri ya joto lake

Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote katika mfumo wa jua, ina mianga isiyozimika kwenye ncha zake mbili. Hapa duniani mianga hiyo, iitwayo aurora, huonekana zaidi Norwei au Alaska, na chanzo chake ni chembe zitokazo juani. Mshtarii haitegemei jua peke yake. Io, mwezi wake wenye volkeno, hutoa takriban tani moja ya mata kila sekunde, na uga sumaku wa sayari huitia mata hiyo katika mzunguko wake.

Chembe zenye kasi zinapoigonga angahewa ya juu, huzaliwa ioni ya atomi tatu za hidrojeni, H3+, ambayo hung'aa kwa miale ya infraredi. Kundi la Pierre Drossart lilitangaza kuitambua huko mwaka 1989, kwa darubini iliyoko Mauna Kea, Hawaii. Bahati njema ni kwamba katika miale hiyohiyo gesi ya methani huumeza mwanga wa jua. Sayari huwa nyeusi, na aurora hubaki iking'aa kama makaa gizani. Miale ya urujuanimno, kinyume chake, huzuiwa na hewa yetu, hivyo huhitaji darubini ya angani kama Hubble.

Tena ioni hiyo ni kipimajoto. Mshtarii iko mbali na jua mara tano kuliko dunia, na kwa hesabu ya mwanga wa jua angahewa yake ya juu ingepaswa kuwa na nyuzi 73 chini ya sifuri. Lakini ina wastani wa nyuzi 426. Mwaka 2021 James O'Donoghue na wenzake, wakitumia darubini ya Keck, walichora ramani ya joto hilo: karibu nyuzi 730 penye aurora, likipungua hatua kwa hatua hadi karibu 330 kwenye ikweta. Joto, basi, husambaa kutoka nchani.

Fumbo jingine limezuka. Desemba 2023, darubini za Webb na Hubble ziliitazama Mshtarii kwa pamoja. Webb iliona aurora ikibadilika ndani ya sekunde chache, na mwanga wake mkali kuliko wote haukuonekana kabisa kwa Hubble.