Neno Masihi na Kupakwa Mafuta

Jumamosi ya tarehe 6 Mei 2023 tulikaa mbele ya televisheni, watoto na wajukuu, tukitazama Mfalme Charles III akitawazwa Westminster Abbey. Ilipofika zamu ya kupakwa mafuta, akazungushiwa pazia asionekane. Mjukuu wangu akauliza, "Babu, wanamficha nini?" Nikamwambia anapakwa mafuta. Akacheka, akidhani ni yale ya nazi anayopakwa na bibi yake. Kwa hakika niliona haya, kwani jambo hili nalijua tangu chuoni na sikupata kumfundisha.

Mafuta yale yalikuwa ya zeituni za Mlima wa Mizeituni, yakaombewa dua na mapadri katika Kanisa la Kaburi Takatifu, Yerusalemu, tarehe 3 Machi mwaka ule ule. Ama desturi yenyewe ni ya Waebrania. Kwao kupaka ni mashah, na aliyepakwa ni mashiah. Nabii Samweli alimpaka Sauli kwa kichupa cha mafuta, na Daudi kwa pembe. Baadaye neno likawa cheo tu: katika kitabu cha Isaya hata Koreshi, mfalme wa Uajemi, anaitwa hivyo, naye hakupakwa mafuta na nabii yeyote! Wayunani wakalifasiri Khristos. Basi Kristo na Masihi ni neno moja katika lugha mbili, ingawa wengi hudhani Kristo ni jina la ukoo.

Sisi Waswahili Masihi tumelipata kwa Waarabu. Katika Kurani Nabii Isa anaitwa al-Masih mara 11. Wafasiri wametoa sababu nyingi: wako wasemao alipakwa baraka, na wako wasemao alikuwa akimpapasa mgonjwa akapona. Kiarabu masaha ni kupitisha mkono juu ya kitu, kwa kupaka au kwa kufuta. Ndiyo maana Dajali naye huitwa Masihi. Husemwa jicho lake moja limefutwa.

Na kitenzi hicho tunacho kila siku katika udhu. Suratul Maida, aya ya 6, yatuamrisha kupaka maji vichwa vyetu, na neno lililotumika pale ni hilo hilo. Kiswahili nacho kina paka moja tu, ya maji na ya mafuta.

Jioni ile tulitia udhu pamoja. Kijana alipofika kichwani akasita, mkono umelowa, akaniuliza, "Babu, hapa ndipo?"