Filamu ya upelelezi yenye mwisho wa kushtukiza: utajuaje kama ni kali au imekuzingua?

Kwenye vibanda umiza vya Nachingwea na Ruangwa, hukumu ya filamu hutolewa kabla watu hawajanyanyuka kwenye mabenchi. Ama ni "kali", ama "wametuzingua". Kwa muvi za mapigano hukumu hiyo inatosha. Stelingi amepiga watu wakapigika, basi. Lakini kuna filamu ambazo mtu hutoka akikuna kichwa, kwa sababu dakika za mwisho zimegeuza kila alichokiona. Hizo zinahitaji vigezo vyake.

Makala hii inaeleza vigezo hivyo kwa kutumia mfano mmoja, Shutter Island ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Martin Scorsese na kuchezwa na Leonardo DiCaprio. Tahadhari: mwisho wa filamu unaelezwa humu. Kama hujaitazama, itazame kwanza.

Ni filamu ya aina gani?

Wasomaji wa riwaya za Kiswahili wanamjua mpelelezi kupitia Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), au Willy Gamba wa Elvis Musiba. Humo mpelelezi ndiye mtu wa kuaminika. Fumbo liko nje yake, naye analifumbua.

Katika filamu ya upelelezi ya kisaikolojia, fumbo linaingia kichwani mwa mpelelezi mwenyewe. Mbinu hii ni ya zamani. Filamu ya Kijerumani The Cabinet of Dr. Caligari, ya mwaka 1920, ilimwonyesha mtu akisimulia mkasa wa kutisha, kisha mwishoni ikabainika kuwa msimulizi ni mgonjwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili.

Kisa kwa ufupi

Ni mwaka 1954. Teddy Daniels, askari wa serikali kuu ya Marekani, anafika na mwenzake Chuck katika kisiwa chenye hospitali ya wagonjwa wa akili waliotenda makosa ya jinai. Mgonjwa mmoja, Rachel Solando, anayedaiwa kuwazamisha watoto wake watatu majini, ametoweka katika chumba kilichofungwa. Teddy ana lake pia: anamsaka Andrew Laeddis, anayeamini alichoma nyumba na kumuua mkewe.

Mwishoni inabainika kwamba Andrew Laeddis ni Teddy mwenyewe. Ni mgonjwa wa hospitali hiyo kwa miaka miwili. Chuck ni daktari wake. Upelelezi wote ni igizo lililopangwa na madaktari wakitumaini kumrudisha kwenye ukweli, kwani likishindikana atafanyiwa upasuaji wa ubongo uliokuwa ukitumika zama hizo.

Kigezo cha kwanza: je, dalili zilikuwepo?

Mwisho wa kushtukiza usipoandaliwa ni ujanja wa bei rahisi. Hapa dalili zimejaa. Teddy anaposhuka kisiwani, walinzi wamekaa tayari na bunduki, kana kwamba wanayemwogopa ni yeye. Chuck anapotakiwa kukabidhi bastola yake, anahangaika kuitoa kiunoni, jambo la ajabu kwa askari mzoefu. Mgonjwa mmoja anayehojiwa anasubiri Chuck aende kumletea maji, kisha anamwandikia Teddy kwa siri akimtaka akimbie. Hata majina ni dalili: herufi za Edward Daniels ukizipanga upya unapata Andrew Laeddis.

Kigezo cha pili: je, filamu imesema uongo?

Kuficha si sawa na kudanganya. Mgonjwa yule anapokunywa maji, kuna sekunde ambayo mkono wake hauna glasi, kisha glasi inaonekana ikiwekwa mezani. Mtu anaweza kudhani ni kosa la wapigapicha. Lakini karibu filamu nzima tunaitazama Teddy akiwepo, yaani tunaona anavyoona yeye, naye akili yake huruka maji na kukimbilia moto. Moto ndio uongo wake. Maji ndio ukweli asioweza kuuangalia.

Kigezo cha tatu: je, mwisho unajibu "kwa nini"?

Hiki ndicho kigezo kizito. Filamu nyingi huishia kujibu "nani". Shutter Island inajibu kwa nini mtu ajitungie maisha mengine. Mkewe, Dolores, alikuwa mgonjwa wa akili na dalili zilionekana. Yeye hakumtafutia tiba, alihamisha familia kwenye nyumba kando ya ziwa. Siku moja alirudi akakuta watoto wao watatu wamezamishwa na mama yao, naye akampiga mkewe risasi. Ugonjwa wake umejengwa juu ya hatia hiyo. Ukilijua hilo, mkasa wa Rachel Solando uliousikia mwanzoni unakuwa wa kwake mwenyewe.

Inapolegea

Igizo la hospitali nzima, walinzi na wagonjwa wakishiriki, ni gumu kuaminika, na si namna ugonjwa wa akili unavyotibiwa. Pia filamu za aina hii huwafanya wagonjwa waonekane watu wa kuogopwa, ilhali wengi wao hawamdhuru mtu.

Kwetu jambo hilo si dogo. Mtu akionekana haeleweki hutaniwa kuwa ni "wa Mirembe". Mirembe ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili iliyoko Dodoma, na Taasisi ya Isanga iliyo chini yake hupokea waliotenda makosa ya jinai wakiwa wagonjwa. Ni mahali pa tiba. Familia inayomficha mgonjwa ndani kwa kuogopa utani huo inafanya alichofanya Laeddis. Hatua ya kwanza ni kumfikisha kwenye kituo cha afya au hospitali ya wilaya.

Namna ya kuitazama

Alfred Hitchcock alipotoa Psycho mwaka 1960, watazamaji waliochelewa hawakuruhusiwa kuingia. Kibandani watu huingia na kutoka, na DJ anayetafsiri huweza kuongeza utani au kutoboa siri mapema. Kwa filamu hii, keti mwanzo hadi mwisho, kisha irudie. Ikiwa mara ya pili haina jipya, ilikuzingua. Shutter Island mara ya pili inakuwa filamu nyingine: humfuati tena askari, unamtazama daktari akimwangalia mgonjwa wake kwa wasiwasi.

Swali la kubishania

Mwishoni Laeddis anazungumza tena kama Teddy, kisha anauliza lipi baya zaidi, kuishi ukiwa mtu mwovu au kufa ukiwa mtu mwema. Swali hilo halimo katika riwaya ya Dennis Lehane ya mwaka 2003 iliyozaa filamu hii. Daktari anamwita "Teddy", yeye hageuki. Je, ugonjwa umerudi, au amepona na amechagua upasuaji ili asiishi na kumbukumbu ya wanawe? Filamu haijibu, lakini kutogeuka kwake ni dalili ya mwisho, na mtazamaji aliyefuatilia dalili nyingine anaweza kuipima.