Vilima vya Manono

Katika rasimu ya tasnifu yangu niliviita vilima vya Manono "mabaki yasiyo na thamani". Msimamizi wangu alizungushia duara neno "yasiyo", akaniuliza: kwa nani?

Manono, kaskazini mwa Katanga, ni mji uliozaliwa na bati. Géomines, kampuni ya Wabelgiji iliyoanzishwa mwaka 1910, ilichimba hapo kwa miongo mingi. Iliujengea mgodi kituo cha umeme wa maji huko Mpiana Mwanga, kwenye Mto Luvua. Wajapani walipoiteka Malaya mwaka 1942, Washirika wakaitegemea zaidi Kongo kwa bati, na waliolitoa ardhini walikuwa vibarua Waafrika. Januari 1961 Waluba waliompinga Tshombe walitangaza jimbo lao la Lualaba papo hapo Manono. Soko la bati likaanguka mwaka 1985, kisha vita vya 1998 hadi 2003 vikauacha mji gizani.

Miaka yote hiyo mwamba ulisagwa, bati likaondoka, kilichosalia kikatupwa nje. Ndivyo vilima vilivyokua. Ndani yake mna spodumeni, madini yenye lithiamu, ile ya betri za simu na magari ya umeme. Kampuni za Australia na China zimeburutana kisheria kwa ajili ya lithiamu ya Manono. (Neno "yasiyo" nimelifuta.)

Chini ya vilima hivyo, vijana bado wanatafuta bati kwa sururu na beleshi.