Jembe la Siku ya Tatu: Ndoa na Safari za Kazi katika Historia Yetu

Wahenga wetu walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hufundishwa shuleni kama onyo kwa mvivu, na Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoeleza kwamba katika jamii yetu ya asili kila mtu alikuwa mfanyakazi. Katika insha hii tunakusudia kuitazama kwa upande mwingine. Mume au mke ambaye kazi imemweka mji wa mbali, akafika nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumapili, je, huyo si mgeni wa siku mbili? Na ile siku ya tatu, siku ya jembe, kwake yeye hufika lini?

Swali hili si dogo. Walimu, wauguzi, askari, makarani, madereva na wafanyabiashara wengi wa nchi yetu wanalijua kwa maisha yao wenyewe, na vijana walio madarasani leo ndio watakaopokea barua za kupangiwa kazi kesho. Wako wanaodhani kwamba ndoa za mbali ni jambo jipya, lililoletwa na ofisi na miji mikubwa. Historia yakanusha dhana hiyo. Umbali kati ya mume na mke ni wa zamani sana. Kilichobadilika zama hata zama ni kalenda, yaani nani apangaye siku ya kuondoka na nani ajuaye siku ya kurudi.

Tuanzie pwani. Kabla ya meli za moshi, safari za majahazi katika Bahari ya Hindi ziliendeshwa na pepo mbili. Kaskazi ilivuma toka kiasi cha Desemba hata Machi, ikayaleta majahazi kutoka Arabuni. Kisha kusi ikayarudisha. Baharia aliyekosa musimu wake hakuwa na la kufanya ila kungoja. Lakini yafaa tuangalie jambo moja: upepo ule ule aliousikia nahodha tangani, mkewe naye aliusikia uani kwake. Minazi ilipogeuza vichwa, naye alijua kwamba siku zinahesabika. Bahari ilikuwa na hatari zake, na wako ambao hawakurudi. Walakini kalenda ilikuwa moja, nayo ilisomwa na wote wawili.

Tukiiacha pwani na kuelekea bara twakutana na Wanyamwezi, ambao katika karne ya 19 walisifika kuliko wote kwa kazi ya upagazi. Njia kuu ilitoka Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, ikashuka hadi Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 800. Ili msomaji apate kupima urefu wake, akumbuke kwamba Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakaingia Kazeh, huko huko Unyanyembe, mwezi wa Novemba. Misafara mingine ilikwenda mbio zaidi, lakini hata iliyofanya haraka ilihesabu safari yake kwa miezi. Mpagazi alibeba mzigo wa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, mbali na chakula chake, mkeka wake na silaha yake.

Ni nini kilichomrudisha nyumbani? Wengi wao walikuwa wakulima. Waliondoka baada ya mavuno, kiangazi kilipokausha njia, na walitaka kuwa kwao mvua za kupandia zinapokaribia. Viongozi wa misafara walilijua jambo hili, nao walipata taabu kuwapata wapagazi katika majira ya kilimo. Kwa maneno mengine, jembe la nyumbani ndilo lililokuwa na sauti ya mwisho juu ya safari. Mwanamume alirudi akiwa na nguo, shanga na habari za pwani, lakini hakurudi kukaa kitako na kuhadithia tu, kwani shamba lilikuwa likimngoja.

Hatusemi kwamba mambo yote yalikuwa mazuri. Kadiri biashara ya pembe za ndovu ilivyokua, walitokea wapagazi waliofanya kazi hiyo mwaka mzima, nao wakaizoea njia kuliko nyumba. Wengi walikufa safarini kwa ndui, njaa na vita. Aidha, mzigo wa waliobaki ulikuwa mzito: kulea, kuuguza, kulinda akiba ya chakula na kutunza wazee. Pia tusiwasahau wanawake waliokataa kubaki. Wako wake waliofuatana na waume zao katika misafara, wakabeba vyombo, wakapika, na wengine wakazaa watoto njiani. Hao walilitatua fumbo la umbali kwa miguu yao wenyewe.

Utawala wa Wajerumani uliigeuza kalenda hiyo. Mwaka 1898 ilianza kutozwa kodi ya nyumba, na mtu aliyetakiwa kulipa fedha ilimpasa aitafute mahali ilipo. Mkonge ulikuwa umekwisha kuletwa mwaka 1893 na Dkt. Richard Hindorf, na mashamba yake yakaenea Tanga na kwingineko. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari iliyochukua miezi ikawa ya siku chache. Mtu angetazamia kwamba, kwa kuwa njia imefupishwa, mume na mke watakaribiana. Haikuwa hivyo. Gari moshi lilimpeleka mtu upesi, lakini halikumpa ruhusa ya kurudi.

Chini ya Waingereza jambo hili lilizidi kukomaa. Wanaume wa Kigoma, Songea, Njombe na sehemu nyingine za mbali waliandikishwa kwa mikataba na kupelekwa katika mashamba ya mkonge. Waliitwa manamba, jina litokanalo na namba aliyopewa kila mmoja. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kukusanya wafanyakazi, kilichojulikana kwa jina la SILABU. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo mtu hakufanya kazi haikuandikwa, na kadi isiyojaa haikuleta mshahara. Ujira wenyewe ulikadiriwa kana kwamba mfanyakazi ni mseja asiye na watu nyuma yake, kwa kuwa ilichukuliwa kwamba mkewe atalima na kujilisha kijijini pamoja na watoto. Hapo ndipo kalenda ilipotoka mikononi mwa familia. Mke wa baharia aliutazama upepo, na mke wa mpagazi aliyatazama mawingu. Lakini mke wa manamba angetazama nini? Siku ya kurudi kwa mumewe ilikuwa imeandikwa kwenye kadi iliyo mbali, katika maandishi ambayo pengine hakuweza kuyasoma.

Kadhalika barua haikuwa faraja kamili. Mtu asiyejua kusoma na kuandika alimwendea mwandishi, akamtajia maneno yake. Na kule nyumbani mpokeaji alimtafuta mtoto wa shule amsomee. Neno la mume kwa mkewe lilipita katika vinywa viwili vya watu wengine kabla ya kufika. Kuna mambo mangapi ambayo mtu hawezi kuyasema mbele ya karani, na mangapi ambayo mke hawezi kusomewa na mtoto wa jirani? Kwa hiyo ulipotangazwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, 1970, na akina mama na akina baba wakaingia katika madarasa ya kisomo, faida yake haikuwa katika kilimo na afya peke yake. Mtu aliyejifunza kuandika aliweza, kwa mara ya kwanza, kumwambia mwenzi wake jambo lao wawili bila shahidi.

Baada ya Uhuru, serikali ilihitaji watumishi katika kila pembe ya nchi. Mwalimu wa Bukoba alipangiwa Mtwara, na bwana shamba wa Moshi alipelekwa Sumbawanga. Uhamisho huo ulisaidia sana kujenga taifa na kuieneza lugha yetu, kwa kuwa mtumishi aliyefika kwa watu wa kabila jingine hakuwa na lugha nyingine ya kusemea nao ila Kiswahili. Lakini nyumba nyingi ziligawanyika, hasa pale mume na mke walipokuwa wote wawili waajiriwa. Ndiyo maana neno “uhamisho wa kumfuata mwenzi” limekuwa la kawaida katika barua za watumishi.

Tukio la karibuni ni kuhamia Dodoma. Uamuzi wa kuifanya makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, na Bunge lilihamia huko mwaka 1996, lakini wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam hata Rais Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba serikali itahama. Waziri Mkuu alitangulia mwaka huo huo, wizara zikafuata, na Rais mwenyewe akahamia mwaka 2019. Sisi tunaoandika haya tulikuwa miongoni mwa waliofungasha mafaili mwaka 2017. Mama watoto, ambaye ni mwalimu, alibaki Dar es Salaam pamoja na watoto waliokuwa katika madarasa ya mitihani.

Tuliahidiana kuonana kila mwisho wa juma wa pili. Basi lilichukua kutwa nzima kwenda na kutwa nzima kurudi, hivyo kwamba zile siku mbili zilibaki moja na kidogo. Hata hiyo haikuwa yetu. Mara nyingi Ijumaa, mtu amekwisha kukata tiketi, hufika dokezo: Jumatatu kuna kikao Mwanza, au ukaguzi Mbeya, masurufu yamekwisha kuidhinishwa, na gari litaondoka Jumapili alfajiri. Safari ya kikazi ikaila safari ya nyumbani. Tulipiga simu, tulituma fedha kwa simu, jambo ambalo lilianza kuenea nchini tangu mwaka 2008, nasi tukadhani tumetimiza wajibu.

Siku moja ya Jumamosi tulifika nyumbani baada ya kukosa miadi mitatu mfululizo. Binti yetu wa mwisho alituandalia chai kwa adabu, akaileta juu ya sinia. Tulipokitazama kikombe tuliona kwamba ni kile chenye maua, kinachotolewa kabatini kwa ajili ya wageni. Hakukusudia kutuumiza, bali alifanya alivyofundishwa. Usiku ule tulimweleza mama watoto tulivyochomwa, naye akajibu kwa upole, “Baba Neema, mgeni hapewi kikombe kibovu. Mimi nimechoka kupika pilau kila unapokuja.”

Neno lile lilitufungua macho. Tulikuwa tukipokewa kwa pilau kwa sababu hatukuwa na jembe katika nyumba ile. Kwa idhini ya mkuu wetu wa kazi tulianza kuigawa likizo ya mwaka, tukichukua Jumatatu moja moja, ili safari zetu zipate siku ya tatu. Jumatatu hiyo hatukuitumia kupumzika. Tulimpeleka mama mkwe kliniki, tulikwenda shuleni kumwona mwalimu wa darasa, tulisimama foleni ya kulipia maji, tulikagua daftari la matumizi na kujua bei ya mchele. Pilau ilipungua, tukala ugali na dagaa kama wengine. Hatujapata furaha kubwa kuliko siku tuliyomwagiwa chai katika kikombe cha plastiki kilichopasuka mkono.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme huenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na safari ya kutwa imekuwa ya saa chache. Sisi tunaishukuru, kwa kuwa Ijumaa jioni mtu aweza kuondoka kazini akalala kwake. Hata hivyo historia ya Reli ya Kati itukumbushe kwamba wepesi wa chombo ni jambo moja na uhuru wa kurudi ni jambo jingine. Treni iendayo mbio haimsaidii mtu ambaye Jumapili yake imekwisha kupangwa na mwingine, wala haimsaidii yule asiye na nauli. Na simu nayo, pamoja na baraka zake, haijaivunja ile methali isemayo fimbo ya mbali haiui nyoka.

Hivyo basi twawaomba wakuu wa kazi wakumbuke, wanapotia sahihi dokezo la Ijumaa, kwamba nyumba moja nayo ilikuwa na kikao chake. Twawaomba walimu wawatume wanafunzi kwa wazee wao, wakaulize maswali matatu: Babu au bibi alisafiri kwa kazi gani? Aliyebaki alijuaje siku ya kurudi? Na aliporudi, alishika kazi gani nyumbani? Majibu yao yatakuwa historia ambayo bado haijaandikwa vitabuni, nayo yatawafaa watakapopokea barua zao wenyewe za kupangiwa vituo. Siku hiyo ikifika, wakae na wenzi wao, waitazame kalenda pamoja, na kabla ya kukubaliana juu ya nauli wakubaliane kwanza juu ya jembe.